Uzi wa kugongwa kichwa uwanjani: akili inayochelewa na mguu usiotii miaka mingi baadaye

Mganga wa Benchi (mleta uzi)

Asalaam aleykum wadau. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ya matokeo ya jana apite uzi wa jirani.

Kila msimu naona jambo lile lile, kuanzia juvenile mpaka ligi kuu, iwe uwanja wa Gombani kule Pemba au wa Mao hapa Unguja. Kona inapigwa, watu wawili wanaruka, vichwa vinagongana, mmoja anabaki chini. Sisi wa benchi tunaingia mbio. Maji ya utosini, barafu kisogoni, "hivi vidole vingapi?" Kijana anasema viwili, jukwaa linapiga makofi, refa anatazama saa, mpira unaendelea. Robo saa haijapita, huyohuyo anampasia adui, anachelewa kupanda na wenzake kwenye mtego wa kuotea, anaachwa na straika aliyekuwa amembana tangu mwanzo. Kocha anamfokea kuwa amelala. Usiku anatapika, asubuhi anasema mwanga unamuumiza macho, jioni yuko mazoezini kwa sababu Jumapili kuna mechi.

Nataka tuzungumze kinachotokea ndani ya kichwa kile, na zaidi kinachobaki baada ya watu wote kusahau.

Nazi kavu ukiitikisa sikioni unasikia maji yakigonga ndani. Ubongo nao unaelea kwenye maji yake ndani ya fuvu, na kichwa kikisimamishwa au kikizungushwa ghafla, wenyewe unaendelea na safari. Nyuzi za neva zinavutika. Potasiamu inatoka ndani ya seli, kalsiamu inaingia, na seli zinahitaji sukari nyingi ili zirudi kwenye hali yake, wakati huohuo damu inayoleta hiyo sukari imepungua. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Ndiyo maana picha ya CT mara nyingi inarudi safi: CT inatafuta mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, haioni seli iliyoishiwa nguvu. Mzazi anaambiwa "picha haina kitu", anamshukuru Mungu, mtoto anarudi uwanjani.

Na tuache kusubiri mtu azimie. Wanaopoteza fahamu kwa mtikisiko wa michezoni hawafiki mmoja kati ya kumi. Wala si lazima kichwa chenyewe kipigwe. Bega likikupiga kifuani mpaka shingo irudi nyuma kwa nguvu, limetosha.

Wapenda mpira wote mliona fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale Maracanã. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Garay wa Argentina dakika ya 17. Akaendelea kucheza, akamfuata refa Rizzoli kumuuliza kama hii kweli ni fainali. Alitolewa dakika ya 31. Mwenyewe alisema baadaye kipindi cha kwanza hakikumbuki. Miaka minne mbele, fainali ya Mabingwa wa Ulaya 2018, Karius, kipa wa Liverpool, anapigwa kiwiko na Ramos wa Real Madrid, kisha anamrushia Benzema mpira mguuni, kisha shuti la mbali la Bale linampita mikononi. Dunia nzima ilimcheka. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali ya Massachusetts General kule Boston wakampima, wakasema alipata mtikisiko na uwezo wake wa kupima kwa macho kitu kilipo ulikuwa umeathirika. Na sisi kwa mabao yale tulilaumu mikono yake.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msijaze kwanza.

Mganga wa Benchi

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi.

Mwaka 2009 watafiti wa Montreal, Kanada, wakiongozwa na Louis De Beaumont, walichapisha kazi kwenye jarida la Brain. Waliwatafuta wanamichezo wa zamani wa mpira wa magongo wa barafuni na futiboli ya Kimarekani, watu wazima sasa, wenye afya, wanaofanya shughuli zao. Kundi moja, watu 19, waligongwa kichwa walipokuwa vijana na miaka zaidi ya 30 imepita tangu pigo la mwisho. Kundi la pili, watu 21, walicheza vilevile lakini hawakuwahi kupata mtikisiko. Wakapimwa vitu vingi, nitaje vile vinavyotuhusu.

Kumbukumbu kwanza. Waliogongwa walikuwa nyuma katika kukumbuka mambo waliyoelezwa muda mfupi uliopita. Pili, kujizuia. Yaani kulizuia jibu linalotaka kutoka lenyewe wakati silo linalotakiwa. Hapo pia walikuwa nyuma. Wakavishwa vifaa vya kupima umeme wa kichwani, likaonekana wimbi linalotokea ubongo unapotambua kitu kipya, kwao linakuja kwa kuchelewa na ni dogo.

Tatu, mwendo, na hili ndilo lililonikamata mimi niliyesomea tiba ya viungo. Waliambiwa wageuze mikono haraka, kiganja juu, kiganja chini. Waliogongwa walikuwa wazito. Wakapigwa sumaku juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, ikaonekana kwamba breki ya ubongo kwenye misuli inakaa muda mrefu kuliko kwa wenzao. Miaka 30 baadaye! Na hao ni watu waliojihesabu wazima, hakuna aliyekwenda pale kulalamika.

Tuelewane, watu 19 ni wachache, na kuwa mzito kidogo kwenye kipimo si sawa na kuwa mgonjwa. Mimi naichukulia kazi ile hivi: "nimepona" ya mchezaji inapima maumivu tu. Kichwa hakiumi tena, basi. Kasi ya kuamua na kasi ya mguu hakuna anayevipima.

Beki Tatu

Mkuu heshima yako, lakini hapa naona tunaletewa uoga wa wazungu. Ami zangu walicheza na mpira wa ngozi, ukilowa mvua unakuwa jiwe, wakipiga vichwa mpaka magharibi. Wengine wapo hai hapa Wete, wanacheza bao na wanakufunga. Mpira ni mchezo wa wanaume bwana.

Mganga wa Benchi

Beki Tatu, ami zako Mungu awape umri. Lakini wanaokufunga bao ndio waliobaki barazani, yule aliyeacha kutoka nyumbani humuoni.

Swali lako wenzetu wa Scotland waliliuliza kwa hesabu. Chuo Kikuu cha Glasgow, dakta Willie Stewart na wenzake, 2019: walichukua wanasoka wa kulipwa wa zamani 7,676 wakawalinganisha na watu wa kawaida zaidi ya 23,000 wa umri na maisha yanayofanana. Wanasoka walikufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo karibu mara tatu na nusu ya wenzao. Parkinson, ambayo ndiyo ya mwendo hasa, kama mara mbili. Na ili nisikufiche, walikuwa na nafuu kwenye maradhi ya moyo, kwa hiyo mpira una kheri zake. Walipochambua kwa namba za uwanjani, makipa hatari yao haikutofautiana sana na watu wa kawaida, mabeki wakawa juu kuliko wote, kama mara tano. Wewe na jina lako hilo, hapo pana la kufikiria.

Kuhusu mpira wa ngozi, kuna Jeff Astle, straika wa West Bromwich Albion wa miaka ya sitini na sabini, hodari wa vichwa. Alifariki 2002 na miaka 59, akili imeshakwenda. Mchunguzi wa vifo akaandika kwamba ni maradhi yatokanayo na kazi. Ubongo wake ulipotazamwa tena, 2014 ikatangazwa kuwa ulikuwa na CTE, ule ugonjwa wa mabondia wa ubongo kuharibika kwa mapigo mengi.

Mama Juzuu

Samahanini kaka zangu, mimi si mtu wa mpira ila nimeusoma uzi wote. Mwanangu anacheza junior. Aligongana na mwenzake kichwa, hakuzimia. Tangu siku hiyo skuli anarudi kichwa kinamuuma, hataki televisheni, hasira za bure kwa wadogo zake. Lakini kilichonishtua ni maalim wake wa chuo cha Kurani. Kaniambia mtoto anasoma ukurasa, akiufunika haupati, na aya alizohifadhi zamani anaruka katikati. Huyu alikuwa anahifadhi vizuri sana. Maalim alidhani ni uvivu, alitaka kumtia adabu. Nimfungie ndani gizani mpaka apone? Jirani yangu ndivyo alivyoniambia.

Mganga wa Benchi

Dada yangu, mshukuru maalim kwa kukueleza, na mfikishie kwamba huo si uvivu. Kipimo alichokufanyia yeye bila kujua ndicho kinachofanywa kliniki: unampa mtu maneno, unamshughulisha na jingine, unayadai maneno. Na hasira, mwanga kuumiza, usingizi kupinduka, yote ni sehemu ya jambo hilihili.

Gizani usimfungie. Zamani ndivyo ilivyoshauriwa, siku hizi hapana. Mkutano wa wataalamu wa mtikisiko michezoni uliofanyika Amsterdam 2022, na maafikiano yake yakatoka 2023, unasema siku moja au mbili za mwanzo apumzike kiasi: atembee nyumbani, afanye shughuli ndogondogo, apunguze simu na televisheni. Baada ya hapo anaanza kutembea nje na mazoezi mepesi, kichwa kikizidi anapunguza. Kuanza kutembea mapema kunasaidia kupona, ilmradi asigongwe tena.

Masomo kabla ya mpira. Mwombe mwalimu wa skuli ampe nusu siku kwanza, kazi ya nyumbani kidogo, akae mbali na kelele. Chuoni asirudishwe kwenye aya mpya, arudie alizozijua, vipande vifupi. Wengi hupona ndani ya mwezi. Ukipita mwezi na hali ni hiyo, au hata sasa kama hujampeleka, aonwe na dakta.

Dakta wa Zamu

Naingilia kidogo hapo. Mama Juzuu, mpeleke, usisubiri mwezi uishe, maana hakuonwa na mtu tangu mwanzo.

Na kwa wote: kuna dalili ambazo hazisubiri hata kesho. Kutapika kunakorudi, kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, degedege, usingizi ambao mtu haamshiki vizuri, kukanyaga hovyo au mkono kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, kuona viwili viwili, maji au damu puani au sikioni baada ya pigo, shingo kuuma sana. Hapo ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu huenda damu inavuja. Mtu akiwa chini hajitambui au analalamika shingo, msimbebe juu juu kumtoa uwanjani kama ninavyoona kwenye ndondo za mitaani, wanne wamemshika miguu na mikono kichwa kinaning'inia. Shikeni kichwa na shingo visicheze mpaka apatikane anayejua kumbeba. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna taasisi ya NED inayofanya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo si kweli kwamba kila kichwa lazima kivushwe bahari.

La pili, tusichanganye mambo. Ugonjwa wa mabondia, CTE, unathibitishwa kwa kupasua ubongo baada ya mtu kufa. Hakuna anayeweza kukwambia leo ukiwa hai kwamba unao kwa uhakika. Na unahusishwa zaidi na mapigo mengi ya miaka mingi, yakiwemo madogo yasiyokuangusha. Nimeshaona vijana waliogongwa mara moja wanasoma mambo mtandaoni wanaacha kula kwa hofu. Kusahau kunaweza pia kutoka kwenye usingizi mbaya, msongo, unyogovu, shingo iliyoumia. Hayo yote yana tiba.

Mganga wa Benchi

Dakta ahsante, nilikuwa nalitafuta hilo la CTE. Aliyeuibua upya ni Mnigeria, Bennet Omalu, alipokuwa akipasua maiti Pittsburgh. Mwaka 2002 akaupata mwili wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani, ubongo kwa nje ulionekana wa kawaida. Alipoukata vipande vyembamba akaona protini zilizojikunja. Alichapisha 2005, na waliokuwa na maslahi walimpinga sana.

Mkwezi wa Karafuu

Mie nataka kuuliza la miguu. Nilikuwa kiungo, nimeacha mpira siku nyingi. Niligongwa vichwa si mara moja wala mbili, moja nilizinduka naambiwa nimefunga goli na sijui. Sasa kazi yangu mikarafuu. Chini natembea sawa, hakuna anayejua kitu. Ila nikiwa juu, nikigeuza shingo haraka kutafuta tawi, dunia inahama kidogo kisha inarudi. Kisunzi si kisunzi. Na mtu akinisemesha kutoka chini huku natafuta pa kukanyaga, mguu unakosa tawi. Nikinyamaza simkosi. Hii nayo ni ya kichwa?

Mganga wa Benchi

Ndugu yangu, sitoweza kukupima kwa maandishi, lakini ulivyoeleza ni vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki.

Hilo la kukosa tawi ukisemeshwa lina maelezo. Kutembea kwa mtu mzima kunajiendesha kwenyewe, akili inabaki huru kwa mazungumzo. Baada ya mtikisiko, kwa baadhi ya watu kutembea kunaanza kuomba umakini, ukiongeza kazi ya pili kimoja kinapungua. Watafiti wamewapima wanamichezo waliogongwa miaka kadhaa nyuma, wakakuta wanatembea kwa hadhari zaidi, muda ambao miguu yote miwili iko chini ni mrefu kidogo. Kwa macho huwezi kuuona. Kwa hiyo tunapima kazi mbili pamoja: tunabandika utepe wa mita tatu sakafuni, mtu anatembea kisigino mbele ya vidole kwenda na kurudi, kisha tunamwambia arudie huku anahesabu kurudi nyuma saba saba kuanzia mia. Peke yake anapita vizuri. Akifika tisini na tatu, themanini na sita, mguu unatoka nje ya utepe, au anasimama kabisa ili afikiri. Nimewaona vijana wanacheka mwanzo wa kipimo na mwisho wake wamenyamaza.

La dunia kuhama ukigeuza shingo, hapo nashuku sikio la ndani au mawasiliano ya macho na shingo. Lina mazoezi yake, unakazia macho kitu kimoja huku unageuza kichwa taratibu, na lina namna za kulazwa na kugeuzwa ili vijiwe vya sikioni virudi mahali pake. Nenda uonwe na mtu wa viungo au wa masikio. Mpaka hapo juu usipande, chuma zile za chini na kuchambua nyumbani. Najua msimu ukifika ni pesa, lakini mkarafuu haukusubiri umalize kisunzi.

Beki Tatu

Nimejaribu hicho cha kuhesabu sebuleni. Nilidhani rahisi. Wallahi mke wangu kanicheka.

Mganga wa Benchi

Hahaha. Usijipime na kujitangazia ugonjwa, hata mzima ambaye hesabu si rafiki yake anayumba. Ndiyo maana mchezaji anatakiwa apimwe mwanzo wa msimu akiwa mzima, ili akigongwa alinganishwe na nafsi yake.

Dada wa Kati

Mbona wote mnazungumza wavulana? Sisi tunacheza na tunagongwa. Mara ya mwisho nilipolala chini benchi letu lilikuwa na chupa ya maji tu.

Mganga wa Benchi

Una haki. Kwenye michezo inayofanana, soka ikiwemo, wanawake huripotiwa kupata mtikisiko kwa kiwango cha juu kuliko wanaume, na nguvu za shingo zinatajwa miongoni mwa sababu. Mazoezi ya shingo yaingie kwenye ratiba yenu, hayataki jimu: mwenzako anakuwekea kiganja pajini mwa uso, wewe unasukuma bila kichwa kusogea, mbele, nyuma, kila upande.

Konde la Mji Mkongwe

Na ngumi je? Hapa Zanzibar tulinyimwa tangu enzi za baada ya Mapinduzi, 2022 zikaruhusiwa tena, vijana wamefurahi. Sasa uzi huu si utatufanya tufungiwe tena?

Mganga wa Benchi

Sitaki zifungwe. Lakini kwenye ngumi kichwa ndicho shabaha, wala si ajali. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alishaandika kuhusu mabondia wanaotembea kama walevi, mikono inatetemeka, maneno mazito. Muhammad Ali aligundulika na Parkinson 1984, akiwa na miaka 42. Kama ngumi pekee ndizo zilizomfanya vile, madaktari hawajakubaliana. Kinachonitia wasiwasi kwetu si pambano la jukwaani lenye refa na daktari, ni mazoezi ya jioni ambapo mkongwe anampiga mwanafunzi kichwani bila idadi kila siku "ili akomae". Kwa kuwa sisi tunaanza upya, tuna nafasi ya kuanza na daftari: nani kaangushwa lini, na lini karuhusiwa kurudi.

Kocha wa Ndondo

Maalim nimekaa kimya nasoma. Sasa nisaidie la kwangu. Kipa wangu jana Ijumaa kaufuata mpira wa krosi, kichwa kikaenda kwenye mlingoti. Alikaa chini, akasimama, akamaliza mechi. Leo anasema kichwa kizito kidogo tu. Jumapili nusu fainali. Mtaa mzima umechangia jezi. Yeye mwenyewe anataka.

Mganga wa Benchi

Kocha, Jumapili hachezi. Usimuulize yeye, hakuna kipa wa ndondo atakayesema hataki nusu fainali.

Sababu ya kwanza nzito ni pigo la pili. Ni nadra, lakini likimkuta kijana kabla la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla. Januari 2011 huko Ireland Kaskazini, Ben Robinson, mtoto wa miaka 14, alikuwa anacheza raga ya skuli. Aligongwa, akaangaliwa, akarudi mchezoni, akagongwa tena. Alifariki. Uchunguzi wa kifo chake 2013 ndio ulioamsha Uingereza nzima.

Sababu ya pili, hata asipogongwa tena hatokuwa kipa yuleyule. Mrudie Karius hapo juu. Na utafiti wa vilabu vikubwa vya Ulaya uliotoka 2014 ulikuta mchezaji aliyepata mtikisiko ana hatari ya kuumia baadaye, goti, msuli, popote, iliyozidi kwa karibu asilimia 50. Akili inachelewa nukta moja, mguu unatua vibaya.

Utaratibu wake ni huu. Leo na kesho apumzike kiasi kama nilivyomwambia Mama Juzuu. Halafu kutembea na baiskeli nyepesi. Halafu kukimbia na kubadili mwelekeo peke yake. Dalili zikiisha kabisa ndipo aguse mpira na wenzake bila kugongana, kudaka mipira ya chini, mikono tu. Halafu daktari amwone. Halafu mazoezi kamili, halafu mechi. Kila hatua isipungue saa 24, dalili zikirudi anarudi hatua moja nyuma. Uingereza kwa timu za mitaani waliweka 2023 kwamba mechi isiwe kabla ya siku ya 21, na mimi kwa sehemu zisizo na daktari wa timu naona hiyo ndiyo ya kufuata.

Na wakati mwingine mtu akianguka mbele yako, vidole achana navyo. Muulize: tuko uwanja gani? Ni kipindi gani? Nani kafunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosa moja, ametoka. Akijibu yote bado mtazame macho na miguu. Ukiwa na shaka, ametoka.

Kocha wa Ndondo

Tatizo sub. Kwetu zikishaisha zimeisha. Nikimtoa nacheza kumi.

Mganga wa Benchi

Hilo ni la kamati, na lina njia. Sheria za mpira tangu Julai 2024 zinaruhusu mashindano yanayotaka yaweke sub ya ziada ya mtikisiko, haihesabiwi kwenye zile za kawaida, na timu pinzani nayo inapewa ya ziada. Kwenye Copa América, michuano ya mataifa ya Amerika, ya mwaka huohuo ilitumika, refa anaonyeshwa kadi ya waridi. Haiji yenyewe, waandaaji lazima waiingize kwenye kanuni zao. Kikao cha ndondo chenu ni watu wangapi, saba? Kesho kabla ya mechi mnaweza kuipitisha barazani, na mpinzani atakubali kwa sababu naye ana vichwa.

Mkiwa hapo hapo, ongezeni watoto wa juvenile wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Marekani walizuia kwa wa miaka 10 na chini tangu 2015, Uingereza wakaweka mwongozo wa skuli za msingi 2020.

Mama Juzuu

Tumeonwa leo. Kapewa ruhusa ya skuli nusu siku. Maalim kasema atamsikiliza yale ya zamani tu, fimbo kaiweka. Ahsanteni.

Dakta wa Zamu

Alhamdulillah. Mrudishe siku mliyopangiwa hata kama anasema yuko sawa.

Kocha wa Ndondo

Kikao kimekubali sub ya kichwa, moja kila timu. Kipa wa akiba nimeshampigia simu. Kijana mrefu, mikono mizuri, ila krosi anaziogopa, anatoka halafu anasita.

Mganga wa Benchi

Mfundishe leo jioni kuita mpira wake kwa sauti, "wangu!", kabla hajatoka, na mabeki wakisikia wainame. Nusu ya vichwa ninavyovifunga barafu viligongana kwa sababu kila mtu alinyamaza.